Furaha, stresi na umri: maswali yenu

Eti wenye furaha wanaishi miaka mingi, kweli hiyo?
Kuna kitu hapo. Marekani walichukua karatasi za masista 180 wa Katoliki walizoandika kuhusu maisha yao wakiwa mabinti wa miaka 22 hivi, wakahesabu sentensi zenye furaha na shukrani, majibu yakatoka 2001. Uzuri wa masista ni kwamba wanakula na kulala karibu sawa na hawana waume wa kuwapandisha presha (natania jamani), sasa wale walioandika kwa furaha zaidi waliwazidi wa mkiani karibu miaka 7.

Nimefiwa na mume, furaha sina kabisa, ina maana na mimi nakufa mapema?
Pole sana dada, na hapana. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya laki 7, matokeo yakatoka 2015, wakaona ukishatoa sigara na magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo tayari, kukosa furaha peke yake hakukuongeza vifo, yaani mara nyingi mtu anaumwa kwanza ndo furaha inaondoka. Mi ninachokiogopa kwako ni upweke. Mwaka 2010 zilijumlishwa tafiti 148, wenye watu wa karibu nafasi yao ya kubaki hai iliwazidi wapweke kwa kama asilimia 50 hivi. Kwa hiyo kikoba usiache, hata kama siku hiyo unaenda kukaa kimya tu.

Nimeacha vidonge vya presha, siku hizi nina amani moyoni na najisikia fresh. Niko sawa?
Mzee wangu shikamoo, rudi kliniki kesho. Presha haipigi hodi, amani yako endelea nayo ila pamoja na vidonge.

Namuuguza mama ana kiharusi mwaka wa tatu, nimejikata kidogo mkononi hadi leo hakijapona. Ni stresi?
Kapime sukari kwanza, usikimbilie stresi. Ila inawezekana, kule Ohio, Marekani, mwaka 1995 waliwatoboa ngozi kidogo mkononi wanawake wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, kakidonda kale kale, wakachelewa kupona siku 9 kuliko wenzao wasiouguza mtu, maana stresi ya muda mrefu inalegeza kinga ya mwili. Ndugu zako wako wapi lakini? Itisha kikao mpangiane zamu, na anayesema yuko mbali atume hela ya dada wa kusaidia.