Mtoto wa miezi 9 anaharisha: nimwachishe ziwa?

Usimnyime ziwa kabisa, mama. Anapoharisha ndipo analihitaji zaidi. Mpe pia ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Soma pakiti kwanza: nyingi ni za lita 1, nyingine nusu lita. Changanya pakiti nzima na maji safi ya kunywa, kiasi kilichoandikwa. Usikisie nusu kwa kikombe, maana chumvi ikizidi inamdhuru. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. ORS uliyochanganya ikipitisha saa 24, mwaga. Dawa ya zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata choo kikisharudi kawaida. Wengi hukatishia hapo. Ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea au hawezi kunywa, mkimbize kituo cha afya sasa hivi.