Maswali na majibu: Kitivo kimepitisha, mbona chuo hakitekelezi?

SWALI: Nafundisha katika chuo kikuu kishiriki. Idara yetu ilikubaliana kuwa wanafunzi wanaosubiri fedha za korosho wajisajili hadi mwisho wa Novemba, walipe karo kwa awamu, na waliochelewa warudie jaribio la kwanza. Bodi ya kitivo ikaunga mkono bila pingamizi. Sasa ofisi ya usajili inasema haina taarifa na usajili umeshafungwa. Kwani uamuzi wa kitivo hauna nguvu?
Mhadhiri Msaidizi, Mtwara

JIBU: Unayo, ila si katika jambo hilo. Tarehe ya mwisho ya usajili imo kwenye kalenda ya masomo, na kalenda hupitishwa na Seneti, chombo cha juu cha taaluma cha chuo kikuu. Chuo kishiriki kina Bodi ya Uongozi yake na kamati yake ya taaluma, lakini mambo ya taaluma hukomea kwenye Seneti ya chuo kikuu mama. Kwa hiyo kitivo chenu kilitoa pendekezo tu. Kumbukumbu zikiandika "imekubaliwa" badala ya "inapendekezwa kwa Kamati ya Taaluma", kila mjumbe huondoka akidhani kazi imekwisha, na hakuna anayelisukuma mbele. Maazimio mengi mazuri hufia hapo, na wanaoumia ni wanafunzi.

Pia mmefunga mambo matatu katika azimio moja. Kulipa karo kwa awamu ni la kamati ya fedha, kisha Bodi ya Uongozi. Tarehe ya usajili ni ya Seneti. Jaribio la kwanza kurudiwa kwa aliyechelewa kwa kawaida huwa mikononi mwa idara na kitivo. Hilo mnaweza kulimaliza kwenye kikao kijacho. Yatenganisheni.

Andiko la kurasa mbili linatosha. Lianze na azimio lenyewe, kwa maneno ambayo katibu atayanakili kama yalivyo. Zifuate kifungu cha kanuni kinachoguswa, idadi ya waliochelewa kwa miaka mitatu iliyopita (ichukueni ofisi ya usajili, msikisie), ushauri wa mhasibu, na nani atatekeleza kuanzia lini. Andiko lisilo na maoni ya mhasibu hurudishwa, na hapo mmepoteza kikao kizima.

Angalieni sana maneno ya kanuni. Minada ya korosho huanza Oktoba, na katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukaa ghalani hadi ziuzwe, mkulima hulipwa baada ya mnada kupitia chama chake cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Hoja yenu ina msingi. Lakini mkiandika "wazazi wenye korosho", mjumbe atauliza: na mtoto wa mvuvi wa Mikindani je? Andikeni "mwanafunzi mwenye ushahidi wa maandishi wa mapato yanayosubiriwa", kisha mtaje nakala ya stakabadhi ya chama cha msingi kuwa mfano wa ushahidi. Wekeni na ukomo, kwa mfano wiki sita; Seneti haipendi ruhusa isiyo na mwisho. Wanufaika wa mkopo waambiwe mapema kuwa asiyesajiliwa hawezi kusaini fedha zake, hivyo ruhusa hii inaweza kumchelewesha mwenyewe. Usajili wa muda, yaani kusajiliwa kwanza na karo kukamilishwa baadaye, ungewafaa zaidi.

Muda hesabuni kurudi nyuma kutoka tarehe ya Seneti. Ikikaa Machi, kamati ikae Februari, kitivo Januari, idara Desemba, na makabrasha yawafikie wajumbe wiki moja au mbili kabla. Kwa hiyo lengeni msimu ujao. Kwa walioachwa nje sasa, someni kanuni zenu: baadhi humruhusu mwenyekiti kuamua jambo la dharura kwa niaba ya kikao na kuliripoti kikao kijacho. Mwombeni kwa barua, mkiambatisha majina.

SWALI: Wajumbe wakitoka katikati ya kikao na akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa) kuvunjika, maamuzi yote yanabatilika?
Katibu wa idara, Lindi

JIBU: Kwa kawaida yaliyoamuliwa kabla hubaki halali, yanayofuata ndiyo yasiyo na nguvu. Ndiyo maana uandike saa ya kila anayetoka, si majina ya waliohudhuria pekee. Kama wajumbe ni 19 na kanuni inataka nusu, akidi ni 10, si 9. Wakibaki 9, mjulishe mwenyekiti papo hapo. Mnaweza kuendelea kujadili, lakini ajenda zilizobaki ziandikwe "zimeahirishwa".