Raga ya watu 15 au ya 13? Maswali yenu ya wiki hii

Kibanda umiza cha huku kwetu huweka raga mpira wa miguu ukiisha. Juzi nimeona kila timu ina watu 13. Wale wengine walikula kadi nyekundu? (Msomaji, Ujiji)

Hapana ndugu yangu. Hiyo ilikuwa raga ligi. Ile ya Afrika Kusini na New Zealand, yenye watu 15, ndiyo raga yunioni. Zamani mchezo ulikuwa mmoja. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga, kwenye kikao cha Huddersfield. Wachezaji wao wengi walikuwa watu wa migodini na viwandani. Siku ya mechi wanakosa ujira, na wakuu wa mchezo wakagoma wasifidiwe hata senti. Yunioni yenyewe ilikuja kuruhusu mishahara mwaka 1995. Miaka mia nzima!

Mimi sijui sheria hata moja. Nitazame ipi? (Mama wa Mwanga)

Ligi, mama. Jua tu kuhesabu hadi sita: timu ikiangushwa mara sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mwenye mpira akiangushwa anainuka, anauweka chini, anausukuma nyuma kwa mguu, kazi inaendelea. Akishaangushwa wa tano, refa ananyoosha mkono juu: imebaki moja, na mara nyingi hapo mpira unapigwa mbali. Kwenye yunioni hakuna hesabu hiyo. Mtu akianguka wenzake wanamrundikia, kipenga kinalia, na nusu ya kibanda inaulizana kosa ni la nani.

Fainali ya Kombe la Dunia 2023 Afrika Kusini hawakufunga trai hata moja, wakabeba kombe. Haki iko wapi? (Msomaji, Kasulu)

Haki iko kwenye penalti. Yunioni inatoa pointi 5 kwa trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) na 3 kwa penalti (kuupiga mpira katikati ya nguzo wapinzani wakikosea). Handré Pollard alipiga penalti nne, zikawa 12. New Zealand, waliobaki 14 baada ya nahodha wao Sam Cane kupewa nyekundu, walipata trai moja na penalti mbili: 11. Ligi inatoa 4 kwa trai na 2 kwa penalti; piga hesabu upya uone, ni 8 kwa 8. Ndiyo maana timu za ligi hukimbilia mstari kuliko kuvizia makosa. Ila nikubali jambo moja: dakika kumi za mwisho za fainali ile zilikuwa na presha ambayo ligi hunipa mara chache sana.

Na Wakenya wanacheza ipi? (Msomaji, Kibondo)

Shujaa, timu ya taifa ya Kenya, wanajulikana kwa raga ya watu 7, mtoto wa yunioni, dakika 14 basi. Mwaka 2016 waliichapa Fiji 30-7 wakatwaa kombe la mashindano ya Singapore.

Nianze na mechi gani ya ligi? (Kijana wa Gungu)

State of Origin: Queensland na New South Wales, mechi tatu kila mwaka huko Australia. Usiku wao ni mchana wetu, mara nyingi kama saa saba. Mwenye kibanda mwambie mapema, maana saa hizo wengi wao bado hawajafungua.