Sarafu ya Kisimani: Lile ni Jina la Sultani, Si Talasimu

SWALI: Baada ya mvua za masika niliokota ufukweni Kisimani, Mafia, sarafu ndogo ya kijani yenye maandishi ya Kiarabu. Mganga anasema imekaliwa na jini wa sultani aliyeitoa, hivyo nilipie kafara kabla ya kuiuza. Dalali naye ananihimiza niisugue kwa ndimu na majivu ili dhahabu ionekane. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja. Kwa maelezo yako, inaelekea una sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa, ambazo huokotwa mara kwa mara Kilwa na Mafia, na ndani yake hakuna dhahabu ya kutafutwa. Ukijani huo ni kutu ya shaba yenyewe. Ndimu itaila pamoja na herufi, kisha majivu yatamalizia kwa kukwaruza kilichobaki. Ifunge katika karatasi kavu na uandike pembeni mahali hasa ulipoiokota.

Suala la jini ndilo linalonichosha, kwa kuwa karibu kila anayeniletea sarafu ya aina hii ameshatozwa fedha kwa ajili yake. Mganga huona Kiarabu asichoweza kukisoma, akakiita talasimu. Ilhali maandishi yenyewe yanasomeka: katika nyingi ya sarafu hizo, upande mmoja una jina la mtawala, kama vile Ali bin al-Hasan au Sulaiman bin al-Hasan, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola, yaliyopangwa ili pande zote mbili zilingane kwa vina. Katika dola za Kiislamu za zama hizo, mtawala alijulikana kwa mambo mawili, yaani kutajwa katika hotuba ya Ijumaa na kuandikwa jina lake katika sarafu. Kwa hiyo aliyeshika kipande hicho cha shaba sokoni alikuwa ameshika tangazo la utawala, wala hakuwa amebeba hirizi.

Sisemi kwamba watawala wa kale hawakuwahi kuchanganya sarafu na tiba. Nchini Uingereza, mfalme aliaminika kuponya kwa kugusa ugonjwa wa uvimbe wa tezi za shingo, na wagonjwa wakapewa sarafu ya dhahabu yenye sura ya Malaika Mikaeli akimuua joka, aina iliyoanza kutolewa mwaka 1465 chini ya Edward IV, wakaitoboa na kuivaa shingoni. Huko imani ilitoka ikulu kwenyewe. Maandishi ya sarafu za Kilwa hayadai lolote la namna hiyo, na al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, alisifiwa kwa ukarimu wake hata akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Sarafu yenye jina lake imepatikana hata Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe nchini Zimbabwe, mbali sana na pwani. Ni safari ya kustaajabisha kuliko kisa chochote cha jini.

Kuhusu kuuza, fahamu kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Peleka sarafu yako kwa afisa utamaduni wa wilaya au Makumbusho ya Taifa, na dalali anayekuahidi mamilioni mwambie aje nawe huko. Utaona kama atakuja.

Madhara ya hadithi hizi hayaishii kwenye mifuko ya watu. Wanaoziamini huchimba magofu usiku, wakavuruga sakafu za nyumba na hata makaburi, ilhali thamani kubwa ya sarafu iko katika tabaka la udongo ilimolala na vitu vilivyolala pamoja nayo. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan, zikiwa pamoja na dinari chache za dhahabu za kigeni, na dinari hizo ndizo zilizowawezesha wataalamu kumrudisha Ali bin al-Hasan hadi karne ya 11, kwani sarafu zake mwenyewe hazina mwaka. Lau mchimbaji wa usiku angeziwahi, dinari zingeyeyushwa kwa sonara, na zile za fedha zingegawanywa kwa madalali bila yeyote kujua ni za zama zipi.