Jengo la maduka kwenye ardhi ya kiwanda cha zamani: linastahiki makala ya Wikipedia?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Unguja. Karibu na kwetu palikuwa na kiwanda cha mafuta ya nazi na sabuni, kikafa miaka mingi nyuma. Sasa pamejengwa jengo kubwa la maduka, nami nimeliandikia makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Nimeweka viungo 23, lakini makala imefutwa mara mbili, eti vyanzo havitoshi. Mbona Battersea ya London, nayo ilikuwa kituo cha umeme na sasa ni maduka, ina makala ndefu? Kuna kijana anasema nimpe laki nane ataipitisha. Nimpe?

JIBU: Waalaykum salaam. Kijana huyo usimpe hata shilingi, nitamrudia. Tuanze na viungo 23, maana hapo ndipo karibu kila anayeniuliza anapojikwaa. Watu wanahesabu viungo kama kura. Vyanzo vitatu vizuri vinatosha, na vibovu mia havifikii kimoja kizuri.

Chanzo kinachohesabika katika kuthibitisha kwamba jengo linastahiki makala kina sifa nne kwa pamoja. Kimeandikwa na mtu asiyehusika na jengo. Kimechapishwa na chombo chenye wahariri wanaohakiki. Kinalizungumzia jengo lenyewe kwa kina. Na kina uchunguzi au uchambuzi wa mwandishi, si maneno ya mwenye mradi yaliyonakiliwa. Ikikosekana sifa moja, chanzo hicho kimeanguka. Huwezi kuunga nusu ya huku na nusu ya kule.

Chukua habari ya kawaida ya kwetu. Kila Januari, katika shamrashamra za Mapinduzi, mawe ya msingi huwekwa na miradi huzinduliwa, na magazeti huandika. Habari inaanza na nani kazindua. Inafuata gharama ya mradi. Kisha meneja anaeleza idadi ya ghorofa, nafasi za maegesho na ajira kwa vijana, na mgeni rasmi anawataka wananchi walitunze jengo. Sasa shika kalamu, kata kila sentensi iliyotoka kwenye hotuba au kinywani mwa meneja. Kinachobaki ni tarehe na jina la mahali. Gazeti ni la kuaminika na habari ni ya kweli, lakini haithibitishi kitu, kwa sababu mwandishi hakuchunguza chochote, alipewa. Na taarifa ile ile ikichapishwa na magazeti sita, hicho ni chanzo kimoja kilichonakiliwa mara sita.

Fanya kazi hiyo kwa viungo vyako vyote kabla hujaigusa tena makala. Ukurasa wa Facebook wa jengo, video ya YouTube, tangazo la fremu za kupangisha, Google Maps, maoni ya wageni TripAdvisor, orodha za sehemu za kutembelea Zanzibar: vyote toa.

Kuna kimoja kinachowakosesha hata waandishi wazuri, nacho ni ripoti ya tathmini ya athari za mazingira inayopelekwa ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira Zanzibar. Ni nene, ina ramani, na kwa ardhi iliyokuwa kiwanda huweza kuwa na habari za udongo na maji ambazo huzipati kwengine. Lakini imeandaliwa na mshauri aliyelipwa na mwenye mradi. Itumie kwa mambo madogo ya hakika, kama ukubwa wa kiwanja. Usiitumie kuthibitisha kwamba jengo linastahiki.

Battersea haikupata makala kwa ukubwa wake. Kituo kile kilianza kutoa umeme mwaka 1933, sura yake ya nje ikiwa kazi ya msanifu Giles Gilbert Scott. Kiliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa mwaka 1980, kikafungwa 1983, na maduka hayakufunguliwa mpaka Oktoba 2022. Katika miaka hiyo yote mipango ilikufa mmoja baada ya mwengine, na waandishi wa usanifu, wa historia na wa uchumi wakayaandika hayo bila kutumwa na mwenye jengo. Kule Oberhausen, Ujerumani, jengo la Centro lilifunguliwa mwaka 1996 kwenye ardhi ya kiwanda cha chuma, na wataalamu wa miji wamelichambua kama mfano wa mji wa viwanda unaojibadilisha. Maandishi ya aina hiyo ndiyo yanayozibeba makala hizo. Na ukiikuta Wikipedia ina makala mbovu ya jengo la maduka la mji mwengine, hiyo si hoja yako. Ni kwamba bado hajatokea wa kuipeleka ikafutwe.

Ila nina jambo nadhani hukulitilia maanani. Kiwanda umekitaja kwa haraka, jengo ukalipa makala nzima. Hadhi ya kustahiki makala hairithiwi: historia ya kiwanda hailipi jengo haki yoyote. Lakini kiwanda chenyewe kinaweza kustahiki, na jengo likawa aya ya mwisho ndani ya makala yake. Hapo ndipo ningeweka nguvu zangu.

Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Omba ripoti za kila mwaka za idara za wakati wa ukoloni, na gazeti la serikali lililoanza 1892. Tazama mipango ya mji: wa mpangaji miji Lanchester wa 1923, wa mpangaji miji Kendall wa 1958, wa Wajerumani Mashariki wa 1968 na wa Wachina wa 1982. Linganisha namna kila mpango ulivyolitendea eneo lako. Hivyo ni vyanzo vya msingi, vinakupa miaka na mipaka tu. Usivitolee hitimisho lako mwenyewe, kwani utafiti binafsi haukubaliki. Unahitaji pia mtu aliyezisoma nyaraka hizo akaandika: kitabu, tasnifu, makala ya jarida la kitaaluma. Bahati njema, upangaji wa mji wa Zanzibar umeandikwa sana na wasomi.

Na wala si lazima chanzo kiwe cha Kiingereza au kiwe mtandaoni. Zanzibar Leo la karatasi linakubalika. Andika kichwa cha habari, mwandishi, tarehe na ukurasa, kisha kwenye ukurasa wa majadiliano nukuu sentensi mbili tatu pamoja na tafsiri, kwa sababu mhariri aliye Toronto hana njia ya kulifungua gazeti hilo. Wengi wetu tunaweka jina la gazeti peke yake, kisha tunalalamika kuwa Waafrika wanaonewa. Upungufu wa maandishi kuhusu kwetu ni wa kweli na unaniuma, lakini hauzibwi kwa viungo vya Facebook.

Ukikosa vyanzo hivyo, andika aya moja yenye tanbihi kwenye makala ya mtaa au wilaya, na jina la jengo lielekezwe hapo. Wala usikimbilie Wikipedia ya Kiswahili kama jaa la vilivyokataliwa. Nayo ina wakabidhi, yaani wasimamizi wenye uwezo wa kufuta kurasa, wanaofuta matangazo.

Ukivipata, andika rasimu na uiwasilishe ikaguliwe. Rasimu isiyoguswa kwa miezi sita hufutwa. Makala ikipelekwa kwenye mjadala wa kufutwa, mjadala huchukua siku saba kwa kawaida, na kinachotazamwa ni hoja, si idadi ya waliosema ibaki. Kuita kundi la WhatsApp lije kukutetea kunakuharibia, maana akaunti mpya kumi zinazosema neno moja hutambulikana mara moja.

Sasa huyo kijana. Kupitisha makala hakuuzwi, na hakuna mkabidhi mwenye mamlaka ya kuikinga makala yako isifutwe kwa malipo. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizifungia akaunti 381 za mtandao mmoja wa watu wa aina hii. Walikuwa wakivizia maandishi yaliyokataliwa, kama yako, wanamtafuta mwandishi au mwenye biashara, wanajifanya wahariri wazoefu, wanapokea pesa na kuichapisha makala. Baadaye wanadai malipo ya kila mwezi ili "kuilinda". Miongoni mwa walioumia ni wafanyabiashara wadogo.

Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi yanamtaka kila anayelipwa atangaze wazi nani anamlipa na kwa niaba ya nani. Kwa hiyo muulize kijana jina la akaunti yake na lilipo tangazo hilo. Akisema kazi hii hufanywa kimyakimya, amekwisha kukujibu. Na wewe pia, kama una fremu mle ndani au una ndugu kwenye uongozi wa jengo, litangaze hilo kwenye ukurasa wako wa mtumiaji kabla ya kuandika.

Ukimpa laki nane, atarudisha maandishi yale yale kwa akaunti mpya. Akigunduliwa kuwa alikwisha fungiwa, makala hufutwa papo hapo bila mjadala. Jina la makala likirudishwa tena na tena, hufungwa, lisiweze kuandikwa tena bila mkabidhi kulifungua, na jina lenyewe ni la jengo, si la kijana. Siku mtafiti wa kweli atakapoandika historia ya ardhi ile, atakayekwenda kuomba lifunguliwe ni wewe.