Dokta, stenti imewekwa, mbona CRP bado iko juu? Ni jeni?

SWALI: Shikamoo dokta. Kaka yangu ana miaka 46, miezi mitatu iliyopita alipata shambulio la moyo akawekewa stenti, kile kibomba cha kushikilia mshipa wa moyo ubaki wazi. Dawa anakunywa vizuri ila CRP imekuja 4, na baba yetu naye aliondoka kwa moyo akiwa kijana tu. Hii ni ya kurithi? Tukapime jeni?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, poleni sana.

Nianze na hiyo CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe, yaani ile hali ya mwili kupambana na jeraha au maambukizi. Msuli wa moyo ukikosa damu sehemu inakufa, mwili unatuma seli nyeupe zikasafishe halafu lijengwe kovu, kwa hiyo zile siku za mwanzo CRP kupanda ni kawaida na huo uvimbe unahitajika kabisa. Shida ni moto unaogoma kuzima. Miezi mitatu imepita na bado iko juu ya 2 mg/L, hapo lazima tujiulize, ila hakikisheni ni ile CRP nyeti (hs-CRP), inayopima hata kiwango kidogo, na kwamba siku ya kipimo hakuwa na mafua wala jino bovu, maana hivyo navyo vinaipandisha.

Jeni zina mkono wake, ndiyo. Ipo inaitwa IL6R, hiyo inatengeneza kama mlango ambao ujumbe wa kuwasha uvimbe unapitia kuingia kwenye seli, na mwaka 2012 data za watu zaidi ya laki moja zilionyesha waliorithi aina fulani ya huo mlango wana CRP ya chini na wanaugua moyo kidogo kuliko wenzao. Nyingine ni NOS3, inahusika na naitriki oksaidi, ile gesi inayolegeza mshipa na kuzuia seli nyeupe zisinate kwenye ukuta wake wa ndani. Lakini sigara, sukari na presha vinaiharibu hiyo gesi hata kwa mtu mwenye jeni safi!

Uvimbe wenyewe umeshajaribiwa kutibiwa. 2017 watu 10,061 waliowahi kupata shambulio, CRP zao 2 kwenda juu, walipewa sindano ya canakinumab, dawa ya kuzuia uvimbe, au sindano isiyo na dawa, na kwa dozi ya miligramu 150 matukio kama shambulio la moyo na kiharusi yalipungua karibu 15% bila kolesteroli kuguswa, ila vifo vya maambukizi vikaongezeka, hiyo ni sababu mojawapo hatuitumii.

Kupima IL6R au NOS3 msipoteze hela, kila moja inachangia kidogo sana na haibadilishi dawa. Jeni inayonitia wasiwasi kwenu ni ya kolesteroli ya kurithi, hii mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, na dalili yake inaonekana kwa kipimo cha kawaida tu cha damu. Wewe, ndugu zako na watoto wa kaka pimeni LDL, ile kolesteroli mbaya, wiki hii, ikizidi 4.9 mmol/L kwa mtu mzima au 4 kwa mtoto mje kliniki. Kaka asiruke statini, ile dawa ya kolesteroli, hata siku moja, inashusha LDL na CRP pia, na LDL yake tunaitaka chini ya 1.4. Majibu yakitoka nitumie namba zote, na za kwako pia.