Unamaliza shahada ya hisabati na unawaza ualimu? Haya ndiyo niliyoyaona

Mleta mada, umesema uko mwaka wa mwisho wa shahada ya hisabati, moyo unakuvuta kwenye ualimu, ila ndugu na marafiki wanakuambia utaipoteza bure akili yako. Ukaongeza kwamba hata wewe unahofia kuchoka kurudia mambo yale yale mepesi kila mwaka. Nimefundisha hesabu sekondari kwa muda mrefu, na nitaanza na hofu yako mwenyewe, kwa sababu hofu ya ndugu inajibika kirahisi zaidi.

Mambo hayo si mepesi. Chukua 1¾ ÷ ½. Kukokotoa hakukusumbui: unapindua sehemu ya pili, unazidisha, unapata 3½. Sasa tunga swali la maneno ambalo ukilifanya utalazimika kufanya hesabu hiyo hiyo. Jaribu kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Watu wengi, wakiwemo waliosoma hisabati hadi juu kabisa, hutunga habari ya kitu kinachogawanywa kwa watu wawili. Hapo wamegawanya kwa 2, si kwa nusu. Swali lenyewe linauliza nusu ngapi zimo ndani ya 1¾. Kwa mfano, kamba ina urefu wa mita 1¾, inakatwa vipande vya nusu mita. Vitapatikana vipande vingapi? Vinapatikana vitatu, inabaki robo mita. Na hapo mwanafunzi makini atakusimamisha: "Mwalimu, mbona jibu ni tatu na nusu, wakati iliyobaki ni robo?" Lazima uwe tayari kumwonyesha kwamba robo ya mita ni nusu ya kipande, kwa kuwa kipimo tunachohesabia kimebadilika kutoka mita kuwa kipande. Mtafiti Liping Ma aliwauliza walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China swali la namna hii, akachapisha matokeo mwaka 1999. Wengi wa Marekani walishindwa kutunga hadithi inayofaa, wengi wa China waliweza, na hao wa China walikuwa wamesoma miaka michache kuliko wa Marekani. Kwa hiyo miaka mingi ya kusoma hesabu peke yake haikupi kitu hiki. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, ndiye aliyekipa kitu hiki jina na nafasi katika taaluma ya ualimu mwaka 1986: ni ujuzi wa somo ambao mwalimu anauhitaji na ambao mtaalamu mwingine wa somo hilo hilo anaweza kuishi bila kuwa nao.

Mimi niliingia kwa njia ya kuzunguka. Nilisoma hisabati nikitarajia kazi ya takwimu, na kweli niliifanya kwa muda. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Lakini tangu chuoni wenzangu wa fani nyingine walizoea kunifuata kabla ya mitihani, na nilikuwa naona jambo moja: mtu akikosea, nilitamani zaidi kujua amefikaje pale kuliko kumpa jibu. Baada ya kuajiriwa niliendelea kuwafundisha vijana wachache jioni, na saa hizo ndizo zilizokuwa zinanirudisha nyumbani nikiwa na nguvu. Nikaomba nafasi ya kusomea stashahada ya ualimu, nikaacha ofisi.

Kwenye mafunzo, nadharia nyingi zilipita haraka. Kilichonijenga ni mazoezi ya kufundisha, na hasa mwalimu mlezi niliyepewa. Alikuwa anakaa nyuma ya darasa, na badala ya kuandika ninachosema, alikuwa ananakili kile ambacho wanafunzi wanaandika kwenye madaftari. Kipindi kikiisha ananipa karatasi yake tunakaa kuisoma. Sijawahi kupata somo bora kuliko zile karatasi. Ukipangiwa mlezi anayekupa alama tu na kuondoka, mwombe akufanyie hivyo. Wengi hukubali wakiombwa.

Nikupe mfano wa kile tulichokuwa tunakitafuta. Unataka kujua kama darasa limeelewa desimali, unauliza: ipi kubwa, 0.75 au 0.3? Karibu wote wanapata, unafurahi, unaendelea mbele. Ila kati yao yupo aliyesema 0.75 kwa sababu 75 ni kubwa kuliko 3. Yeye anaisoma desimali kama namba nzima iliyotanguliwa na nukta. Ulilipata jibu, hukuupata ufahamu wake. Badilisha uulize 0.25 na 0.3, huyo atachagua 0.25, sasa umemwona. Lakini swali hilo la pili nalo linamficha mwenzake, yule anayeamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa, kwa kuwa amesikia sehemu za mia ni vipande vidogo kuliko sehemu za kumi. Yeye atasema 0.3, na atakuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Ukiuliza yote mawili pamoja, kila fikra inajitokeza kwa alama yake: mmoja anapata la kwanza na kukosa la pili, mwingine kinyume chake. Maswali mawili, nusu dakika, na unajua uzungumze nini na nani. Kuzichagua namba hizo ni kazi ya akili sawasawa na kazi nyingine yoyote ya hisabati niliyowahi kufanya, na wanaokuambia utapoteza akili yako hawajawahi kuifanya.

Zipo nyingi za aina hiyo. Mpe mwanafunzi 8 + 4 = □ + 5, uone wangapi wataandika 12. Kwao alama ya sawasawa ina maana ya "sasa andika jibu". Anayeibeba fikra hiyo hadi kwenye milinganyo atateseka miaka yote ya aljebra, na watu watasema hana kichwa cha hesabu. Au (a + b)² inayoandikwa a² + b²: mwambie aweke 3 na 4, upande mmoja apate 49, mwingine 25, kisha achore mraba wenye upande wa 7 autafute ule 24 uliopotea. Ataona mistatili miwili ya 3 kwa 4 imekaa pembeni, hakuna aliyeihesabu. Hilo halisahauliki kirahisi kama kanuni iliyokaririwa.

Kuhusu kurudia. Ni kweli kila mwaka nafundisha namba hasi. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika kanuni zake mwaka 628, na bado katika karne ya 18 walikuwepo wanahisabati wa Ulaya waliozikataa namba hizo. Kijana akigoma kukubali kwamba hasi mara hasi ni chanya, anasimama pale waliposimama watu wakubwa, na anastahili sababu, si amri. Siku hizi huwa naandika 2 × (−3), 1 × (−3), 0 × (−3) kwa mpangilio ubaoni, majibu yanapanda kwa tatu tatu: −6, −3, 0. Kisha nawaachia wao linalofuata, (−1) × (−3). Kila darasa linabishana kwa namna yake. Mwaka mmoja wanakubali mara moja, mwaka mwingine anatokea mmoja anayeuliza kwa nini tulazimike kuufuata mpangilio huo, na hilo ni swali zuri mno. Linatupeleka kwenye kanuni ya mgawanyo, yaani a × (b + c) = a × b + a × c, na kipindi kizima kinaishia hapo.

Sitakuficha upande mzito. Kusahihisha kunakula jioni nyingi. Mtaala una kasi yake, na utalazimika kuamua kama darasa ambalo nusu ya wanafunzi hawajaelewa hesabu za sehemu, kama ½ na ¾, lianze aljebra au lisubiri. Hakuna uamuzi usio na gharama. Mwaka wa kwanza nguvu nyingi zinaenda kwenye utulivu wa darasa kuliko kwenye hesabu. Nilipita shule moja ambayo uongozi ulitaka wastani wa mtihani upande kwa njia yoyote, na shinikizo lilikuwa kukaririsha maswali ya miaka iliyopita. Nilihama. Kipato nacho usikidharau: kaa chini upige hesabu kwa ukweli, pamoja na wanaokutegemea, kabla ya kuamua. Upendo wa kazi haulipi madeni.

Jambo jingine linalochosha, ambalo sikuambiwa, ni hofu. Wanafunzi wengi wanaingia wakiwa wameshaambiwa nyumbani au shuleni kwamba hawawezi. Hao hawakuulizi kitu. Wanasubiri uwapite. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi Marekani miaka ya 1970, akaona walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na waliokuwa kimya wakaanza kuzungumza. Sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu sana, wewe jaribu. Mimi huzihesabu kimoyomoyo. Wengi wa wale wenye hofu niliowahi kuwasikia wakijibu kwa mara ya kwanza, walijibu ndani ya kimya hicho.

Sasa uamuzi wako. Usiuamue kwa kufikiria tu. Kabla ya kujaza fomu, tafuta kijana mmoja anayeshindwa hesabu kabisa, si yule mzuri anayetaka alama za juu, kaa naye kwa wiki kadhaa. Akikosea usimsahihishe, mwulize amefikaje hapo, umsikilize mpaka amalize. Kama maelezo yake yanakuchosha na unatamani tu kumwonyesha njia fupi, baki kwenye hisabati ya utafiti au ya ofisini, nako wanahitajika watu. Kama unajikuta usiku unawaza ni swali gani utamwuliza kesho ili aione tofauti mwenyewe, omba nafasi, na wakati wa kuomba chagua chuo chenye mazoezi marefu ya kufundisha kuliko chenye jina kubwa. Ukiwa na maswali kuhusu mwaka wa kwanza kazini uliza hapa hapa, nitajibu.